Plakete za Papa Louis

Tangu redio ilipomtaja, Solange Vahwere alikuwa hasimami tena kanisani. Hata akichelewa, wanawake walisogezana kwenye benchi, mmoja akamshika mkono na kumketisha, mwingine akamnong'oneza mtoto wake: "Ni ule mama wa dawa." Sokoni muuza nyanya alimwongezea moja juu ya fungu bila kuombwa. Na mumewe, Jean-Claude, aliyetengeneza simu katika kibanda kisichozidi upana wa meza yake, sasa alipata wageni waliokaa kuzungumza naye ingawa simu zao zilikuwa nzima.

Solange alifanya kazi katika depo moja ya dawa mjini Bunia, iliyonunua kwa wauzaji wa jumla na kupeleka kwenye vituo vya afya, huku Nyankunde, kule Nizi. Kabla dawa haijatoka, yeye alijaribu plakete zake, zile bapa za plastiki na foili zinazoshika vidonge. Alizichukua chache kutoka kila shehena, akazizamisha ndani ya bokali la kioo lenye maji ya buluu, akafunga kifuniko na kuvuta hewa kwa pompa. Plakete ikiwa na tundu, hata dogo kuliko ncha ya sindano, hewa iliyomo katika kijumba cha kidonge hutoka. Ukiirudisha hewa bokalini, maji ya buluu huingia mahali pake. Kisha aliziosha, akazipangusa, akazifungua. Kidonge cheupe kilipita. Kidonge kilichoguswa na buluu kilikataliwa, kwa sababu panapopita maji hupita pia unyevu wa majira ya mvua, na dawa iliyoingiwa na unyevu hufa ndani ya plakete huku jina lake likiendelea kung'aa kwa nje.

Plakete zilizompa jina zilikuwa za vidonge vya malaria vya watoto. Zililetwa na Papa Louis, mzee wa Mahagi aliyekuwa na duka la jumla katika mitaa ya Shari, na karibu zote zilitoka buluu. Yves, mfamasia aliyeongoza depo, akaita wakubwa wa afya, na kartoni zote zikachomwa katika shimo nje ya mji. Redio ilikuwepo. Fifi, mtangazaji wa kipindi cha afya, alimsogezea Solange kipaza sauti aeleze namna jaribio linavyofanyika. Yves alikuwa amemwambia aeleze hilo tu. Lakini kipaza sauti kina utamu wake, na watu waliokuwa wamezunguka shimo walikuwa wamenyamaza wakimsikiliza yeye, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akisikiliza wengine. Jina likamtoka.

"Ni Papa Louis wa Shari," alisema. "Tulimuamini. Ingekuwa siye hatukuangalia, watoto wetu wangekufa."

Papa Louis alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, kofia mkononi, moshi ukimjia usoni. Alisema tu: "Mama, mimi nilizinunua vile ziko. Sikuzifungua." Maneno hayo redio haikuyarusha. Kabla mvua hazijakatika, duka lake lilikuwa limefungwa, na mkewe, Mama Geneviève, amerudia biashara aliyoiacha akiwa msichana: kuuza samaki wakavu sokoni.

*

Siku ile iliyogeuza mambo, Solange aliingia chumba chake cha kazi akiwa na furaha ya kawaida. Mbele yake palikuwa na shehena mpya, dawa iliyotoka kwa kampuni ambayo kila muuguzi anaijua kwa rangi ya kartoni yake. Alizijaribu plakete zake kama alivyozoea, akazifungua, akakuta buluu. Akachukua nyingine. Buluu. Akaenda kumwita Yves.

Yves alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Haiwezekani, Solange. Hii kampuni dunia yote inaijua. Rudilia."

"Nimesha rudilia, dokta. Iko buluu."

"Ulifanya namna gani?"

"Kama siku zote. Nilizikata katikati, ziingie mu bokali."

"Ulizikata?"

Solange alimweleza tena jambo ambalo Yves alilijua na kulisahau. Kifuniko cha bokali kubwa kilipopasuka, depo ilibaki na bokali dogo, na plakete ndefu hazikuingia humo. Fupi aliziacha nzima; zile chache ndefu akawa anazikata kwa mkasi. Siku za mwanzo Yves mwenyewe alimsifu: hivi ndivyo mtu anavyofanya kazi bila kulia-lia kwamba vifaa hakuna.

Yves alichukua nusu ya plakete, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Wote wawili waliona. Kati ya kijumba kimoja na kingine gundi ilikuwa nyembamba kama uzi, na mkasi ulikuwa umepita juu ya uzi huo. Buluu haikuingia kwa tundu lolote la kiwandani. Ilianzia pale palipokatwa, ikatambaa hadi kwenye kidonge.

"Kumbe ni mukasi," Yves alisema kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyepata funguo alizodhani zimepotea. "Sawa. Kifuniko kipya kimefika. Tumia bokali kubwa, usikate tena."

Solange alitumia bokali kubwa. Plakete nzima ziliingia, zikatoka, vidonge vyeupe kama unga wa muhogo. Yves alikuwa amekwisha rudi kwenye simu zake.

Hapo Solange alisimama mbele ya kabati. Depo iliweka plakete kadhaa za kila shehena, ili siku dawa ikilalamikiwa pawe na kitu cha kuangalia. Za Papa Louis zilikuwepo, ndefu nazo, zimefungwa kwa kipande cha bendeji. Alijiambia alifunge kabati, aende nyumbani. Alijiambia kwamba huenda zile zilikuwa mbovu kwelikweli, mkasi au bila mkasi. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kazi. Ilizifungua, ikazizamisha nzima nzima, ikavuta hewa. Alisubiri akiwa amegeukia ukuta.

Alipozifungua, hakukuwa na hata kimoja kilichoguswa.

Uso ulimwaka kana kwamba ameinamia jiko. Alikumbuka kofia mkononi mwa mzee, na moshi. Alikumbuka pia, na hili ndilo lililomwuma zaidi, jinsi alivyorudi nyumbani siku ile akiimba.

*

"Hiyo tulisha kuichoma," Yves alisema, kabla hata Solange hajamaliza. Alifunga mlango wa ofisi yake taratibu. "Unataka nifanye nini? Niichomoe mu majivu?"

"Tumuambie muzee."

"Tumuambie nini? Eh? Kwamba depo yenye kupima dawa ya Ituri nzima inapima na mukasi? Vituo vya afya vitatuamini tena? Kesho dawa mbovu ya kweli itakuja, tutasema iko mbovu, na watu watacheka. Watoto watakunywa. Hiyo ndiyo unataka?"

Maneno yake hayakuwa ya kijinga, na Solange alijua hivyo. Yves hakuwa mtu mbaya. Wakati wa vita aliwahi kulala juu ya kartoni za dawa ili zisiibwe. Aliketi, akajipangusa paji la uso.

"Mimi pia nilisaini," alisema. "Nilisaini bila kuuliza ulipima namna gani. Sikukatazi kusema, Solange. Lakini ukisema, usema kwa jina lako, si kwa jina la depo. Na hapa kwa mapimo hutarudi. Hilo ujue."

Solange alitaka kumjibu kwamba jina la Papa Louis halikuwa la depo pia. Lakini nani alilitaja jina lile? Yves hakulitaja. Karatasi ya depo ilisema "muuzaji". Ni yeye aliyelitupa jina la mtu hewani, mbele ya mji mzima, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama.

*

Nyumbani alikaa na jambo lake kama mtu aliyemeza mfupa. Jean-Claude aliliona, akauliza, akaambiwa kichwa kinauma. Jioni moja, wakiwa mezani, ugali na sombe ya majani ya muhogo mbele yao, Jean-Claude alimwambia yeye na binti yao, Elodie, kwamba watu wa avenue yao wamemchagua katika kamati ya mtaa.

"Mimi," alisema, akicheka kwa kutoamini. "Mwenye kutengeneza simu. Walisema: bwana wa ule mama, hawezi kuwa mwizi."

Elodie alipiga makofi. Kisha, kwa kuwa habari zilikuwa nzuri mezani, naye akatoa yake: Carine, mjukuu wa Papa Louis, sasa anakaa peke yake darasani, na akipita kila mtu anamwita Plakete.

"Nani alimupa hilo jina?" Solange aliuliza.

Elodie alitabasamu akitazama sahani yake. "Mimi."

Solange aliweka tonge chini. Wale wawili walikuwa wakisubiri acheke. Badala yake akawaambia yote, kuanzia kifuniko kilichopasuka hadi plakete za kabatini, bila kuinua macho. Alipomaliza, sombe ilikuwa imepoa.

Jean-Claude alisema kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Dokta Yves."

"Na yeye amesema nini?"

"Amesema iko majivu."

"Basi iko majivu." Alisukuma sahani. "Solange, nisikie. Mimi nilikuja huu muji toka Butembo na begi moja. Miaka yote watu walikuwa wananiita 'ule wa simu', hata jina yangu hawajui. Sasa nikifika pahali, wananipa kiti. Unaelewa? Kiti tu. Weye unataka niende niwaambie: musinipe tena kiti, bibi yangu alisema uongo?"

"Haikuwa uongo. Nilikosea."

"Watu wa avenue wanajua tofauti yake?"

Elodie alikuwa amejikunja kwenye kiti, mdogo kuliko umri wake, na machozi yakimdondoka bila sauti. Alikuwa amelipenda lile jina alilolitunga.

*

Soko dogo la Shari hujaa alasiri, wanawake wanapotoka mashambani na wafanyakazi wanapotoka maofisini. Mama Geneviève alikuwa ametandaza samaki wake juu ya gunia, karibu na mlango, mahali pa wauzaji wapya ambapo kila pikipiki hupita na vumbi lake. Alikuwa mwanamke mnene wa zamani aliyekonda ghafla. Kitenge kilimzunguka mara nyingi kuliko kilivyokusudiwa.

Solange alidhani atatukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na pengine aliyatamani. Lakini Mama Geneviève alimtambua, akapangusa mikono, akamsalimu kama mtu anayesalimu mwalimu wa mwanawe.

"Jambo, mama. Karibu. Chagua hii, iko na mafuta."

"Jambo, Mama Geneviève. Muko namna gani kule nyumbani?"

"Tuko." Aliinama kupanga samaki waliokwisha pangwa. "Mama, nilikuwa natafuta siku ya kukuambia. Mimi sina kinyongo na weye. Weye ulifanya kazi yako. Ulikuwa unataka watoto wa watu wapone. Ni siye tulikosa."

"Mama..."

"Hapana, acha niseme. Nilimuuliza muzee: ulijua? Akaapa. Akaapa na jina ya mama yake. Mimi nikamuambia: buluu ilitoka wapi basi? Hakuna jibu. Mutu unazeeka naye, unamuzalia, kumbe humujui." Alimfunga samaki katika gazeti na kumkabidhi. "Siku hizi mimi nalala kwa chumba ya watoto. Nakuambia hii sababu weye uko mwanamuke."

Solange alilishika gazeti lile. Alikuwa amefikiri amemharibia mzee duka. Kumbe alikuwa ameingia na mkasi wake mpaka kitandani mwao. Alifungua mdomo aseme palepale, katikati ya vumbi na wanunuzi. Mwanamke mmoja akapenya, akauliza bei ya samaki wadogo, akamwona Solange, akamchekea kwa heshima na kumpisha nafasi. Tabasamu lile lilimfunga mdomo.

"Naweza kuja kwenu?" alisema mwisho. "Muzee akiwa pale."

Mama Geneviève alimtazama kwa mshangao, kisha kwa woga. "Kuna ingine?"

"Hapana ingine. Ni ile ile."

*

Papa Louis alimpokea sebuleni, amevaa koti. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na rafu alizotoa dukani, tupu, zimegeuzwa mahali pa kuwekea vyombo. Hakumpa mkono, lakini alimwonyesha kiti kizuri, akaketi kwenye kile chenye mguu uliofungwa kamba. Mama Geneviève alisimama mlangoni mwa jikoni.

Solange aliweka plakete mezani: kadhaa nzima, na moja ya ile kampuni kubwa, iliyokatwa katikati. Alieleza. Alikuwa amepanga maneno njiani, ila yalikataa kukaa kwenye mstari, akajikuta akianza na kifuniko, akirudi kwenye pompa, akirukia shimo la moto. Mzee hakumkatiza. Alichukua ile iliyokatwa, akavaa miwani, akafuata mstari wa buluu kwa ukucha mpaka pale mkasi ulipopita.

"Mukasi," alisema.

"Ndiyo, papa. Mukasi."

"Na hizi nzima? Hizi ni zangu?"

"Ni zako. Zilikuwa mu kabati. Zote ziko nyeupe."

Aliivua miwani. Kule mlangoni hakukuwa na mtu tena. Walisikia kitu kikianguka jikoni, sufuria labda, na baadaye kilio kilichozibwa kwa kitenge.

"Unamusikia?" Papa Louis alisema. "Usifikiri analia juu ya duka. Mimi nimevumilia watu wa soko. Nimevumilia wale wenye kusema 'watu ya Mahagi wako hivi, wako hivi'. Lakini huyu mwanamuke alikuwa ananiangalia kama mwizi aliyeingia kwa dirisha. Kila asubuhi. Ananipa chai na ananiangalia."

Solange aliteleza kutoka kitini akapiga magoti. "Papa, naomba pardon."

"Simama."

"Papa..."

"Simama, mama. Hapa ndani hukunifanyia kitu, na hapa ndani haunifai. Ulinisema wapi?"

Alijua jibu tangu siku ya kabati. "Kwa redio."

"Basi."

Alimfungulia mlango mwenyewe. Hakusema amemsamehe, hakusema hamsamehi. Solange alipofika uani, alimsikia akielekea jikoni kwa hatua nzito za mtu asiyejua atapokewaje, akiita jina la mkewe, bila "mama" mbele yake, kama vijana wanavyoitana.

*

Fifi wa redio hakupenda. Alimweka Solange kwenye korido, akaingia, akatoka, akaingia tena. Habari ya mwanamke shujaa ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeipata, na wakubwa wake walimpongeza.

"Mama Solange, mimi siwezi kutumia kipindi nzima kwa makosa," alisema. "Nitakupa nafasi kidogo, mbele ya matangazo. Usema kwa kifupi. Na usilie, watu hawapendi."

Safari hii kipaza sauti hakikuwa na utamu wowote. Kilinuka pumzi za watu wengine. Solange alisema jina lake, akasema kwamba yeye, si mtu mwingine, ndiye aliyepima dawa ya Papa Louis wa Shari. Akasema alikata plakete kwa mkasi na kwa kufanya hivyo alizitoboa mwenyewe. Akasema amezijaribu tena zikiwa nzima, na dawa ilikuwa nzuri. "Papa Louis hakuuza dawa mbovu. Ni mimi nilikosa, na ni mimi nilitaja jina yake bila mutu kuniuliza. Namuomba pardon, yeye na Mama Geneviève na watoto wao, mbele ya wale wote walionisikia mara ya kwanza." Alitaka kuongeza kitu juu ya Carine, ila Fifi alikwisha inua mkono, na tangazo la saruji likaingia.

Kabla jua halijazama, mji ulikuwa umetoa hukumu yake, na haikuwa ile aliyoiogopa. Alikuwa ameogopa wamwite mjinga. Hawakumwita mjinga. Walisema amelipwa.

Ilikuwa rahisi kuamini kuliko habari ya mkasi. Nani anajua gundi na uzi na vijumba vya vidonge? Mzee wa Mahagi na mwanamke wa depo, hao kila mtu aliweza kuwaelewa. Muuza nyanya alimuuliza, akitabasamu kwa pembe ya mdomo, kama Papa Louis bado ana kitu cha kugawa. Kanisani benchi lilijaa, hakuna aliyesogea. Kamati ya avenue ilikutana na kusahau kumwita Jean-Claude. Yves alitimiza neno lake: alimhamishia Solange kwenye stoo, kufungua na kufunga kartoni, na vijana wa stoo waliacha kuzungumza kila alipoingia. Ila Yves alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mapimo, imeandikwa kwa mkono wake: USIKATE PLAKETE.

Jean-Claude hakumgombeza. Alikula, akashukuru, akaenda kulala ameelekea ukutani. Solange alikuwa tayari kuishi na mgongo ule. Ni Elodie aliyemletea habari ambayo baba yake hakuisema: mteja mmoja alikaa kibandani, akasema kwa sauti kubwa kwamba huyu bwana sasa atajenga nyumba kwa pesa za Papa Louis. Jean-Claude alikuwa ameifungua simu ya mtu huyo vipande vipande. Alivikusanya vyote katika mfuko, pamoja na visikurubu, akamrudishia. "Haitengenezeki," alimwambia.

Kuhusu Carine, Elodie alikwenda kukaa naye tena kwenye benchi lake. Carine alichukua daftari zake, akahamia mbele.

*

Solange aliendelea kununua samaki kwa Mama Geneviève, si mara nyingi, na kila mara kwa woga. Mama Geneviève hakumsalimu tena kama mwalimu. Alipima, akafunga, akapokea. Kitenge chake, hata hivyo, kilianza kumkaa vizuri zaidi, na alasiri moja, huku akitafuta gazeti la kufungia, alisema bila kuinua kichwa:

"Nilirudi kwa chumba yangu."

Solange alimwekea noti juu ya gunia.

"Muzee ametuma neno. Anasema, ukikutana naye mu njia, usimusalimie. Hata mimi, ukinunua, nunua uende. Si juu ya chuki. Watu wakiona munasalimiana, watasema: unaona, iko kweli, walipatana. Weye watakumaliza. Anasema umesha kusema yenye ulipaswa kusema, inatosha."

"Yeye anafikiria mimi?"

"Yeye iko vile," Mama Geneviève alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na kiburi.

Ilipita muda kabla hawajakutana. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa, wanawake na mabeseni, pikipiki zikipiga honi. Papa Louis alikuwa akija upande wa pili na fimbo, koti lilelile, peke yake katika umati uliompisha kidogo, jinsi watu wanavyompisha mtu wasiyetaka kumgusa. Alimwona Solange kabla Solange hajamwona. Akageuza uso, akauelekeza kwenye duka la mabati, na kuendelea kutembea, kama neno lake lilivyosema.

Solange alielewa kwamba anafichwa. Mtu ambaye yeye alimvua nguo mbele ya mji ndiye aliyekuwa sasa akimfunika. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza mandazi walikwisha acha kuzungumza, wakiwatazama wote wawili, mmoja mmoja. Angepita tu. Ingekuwa rahisi, tena ingekuwa utii.

Alishusha kapu lake kutoka kichwani, akaliweka vumbini, akavuka barabara. Alisimama mbele ya mzee, akakunja magoti kama binti anavyomsalimu baba yake.

"Jambo, Papa Louis."

Mzee alisimama. Macho yake yalikwenda kwa wauza mandazi, yakarudi.

"Nilikutumia neno," alisema chini chini. "Watakusema."

"Wananisema tayari, papa."

Nyuma yao mtu alisonya. Papa Louis alisikia; Solange aliona shavu lake likicheza. Alihamisha fimbo mkono wa kushoto, polepole, kana kwamba bado anafikiri, na mkono wa kulia akamnyooshea.

"Jambo, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo wauza mandazi waliweza kuisikia. "Jambo sana. Watoto wako namna gani?"